Dirisha la Molly Goldberg

Tarehe 20 Novemba 1929, wiki chache baada ya soko la hisa la New York kuporomoka, redio ya NBC ilirusha mchezo wa robo saa juu ya aila ya Wayahudi wahamiaji wa mji huo. Mtungaji wake, Gertrude Berg, alizaliwa huko huko New York mwaka 1899 kwa jina la Tillie Edelstein. Fani aliianzia hotelini kwa baba yake, kwenye milima ya Catskill, akiwatungia wageni vichekesho vya siku za mvua. Husimuliwa kwamba mchezo wake wa redio aliupeleka ukiwa umeandikwa kwa mkono. Khati ikawashinda wakubwa, wakamtaka awasomee mwenyewe, na walipomsikia wakampa na nafasi ya kuucheza. Akawa Molly, mama wa nyumba, kwa zaidi ya robo karne.

Ustadi wake ulikuwa katika lugha. Molly alisema Kiingereza, lakini maneno yalijipanga kwa mwendo wa Kiyidishi, lugha ya wazee wake, na misemo ilimpinduka mdomoni ikatoka na maana mpya. Zama zile lafudhi ya mgeni aghlabu iliigizwa ili mgeni achekwe. Berg alimfanya mwenye lafudhi kuwa ndiye mwenye busara. Ndiyo maana namhesabu miongoni mwa watunzi, si waigizaji tu. Aprili 1939, miezi michache baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa moto, alitunga karamu ya Pasaka ya Kiyahudi: jiwe linavunja dirisha katikati ya ibada, na ibada inaendelea.

Mwaka 1949 aila ile ilihamia televisheni ya CBS. Molly aliinama dirishani, akazungumza na watazamaji kama majirani wa ng'ambo ya ua, na kwa ulimi huo huo akawasifia kahawa ya Sanka, bidhaa ya kampuni ya General Foods iliyolipia kipindi. Januari 1951 alitunukiwa Emmy.

Mumewe wa mchezoni, Jake, alichezwa na Philip Loeb, mtetezi mashuhuri wa haki za waigizaji. Juni 1950 jina lake lilitokea katika Red Channels, kijitabu kilichoorodhesha watu 151 wa redio na televisheni waliotuhumiwa kuelemea Ukomunisti. Loeb alikana kuwa Mkomunisti. General Foods ikataka aondolewe, Berg akakataa. Mwaka 1951 kampuni ikajitoa, na CBS ikakifunga kipindi.

Mwanamke aliyemiliki kila neno la nyumba ile hakumiliki mlango wake. Mfadhili wa kumpokea pamoja na Loeb hakupatikana. Mwaka 1952 kipindi kilirejea, safari hii NBC, Loeb akiwa amelipwa fidia na Jake akichezwa na mtu mwingine. Wapo wanaomlaumu Berg. Naiona lawama hiyo nyepesi, kwani wengi walikula kwa kipindi kile. Lakini siwezi kuvitazama vipindi vya baadaye bila ya kumtafuta Loeb mezani.

Loeb alijiua katika hoteli moja ya New York tarehe 1 Septemba 1955. Mwaka huo huo aila ya Goldberg ilihamishwa kutoka Bronx ikapelekwa kitongojini, kwenye nyumba zilizoachana. Kipindi kilikoma mwaka 1956.