Habib Saleh wa Lamu na Haki ya Mnyonge katika Elimu

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Chake Chake jina la Habib Saleh husikika zaidi unapoingia Mfungo Sita, pale watu wanapoanza kuzungumzia maulidi ya Lamu. Ukiwauliza vijana wetu alikuwa nani, wengi watakwambia kuwa ni mtu wa maulidi, na hapo ndipo khabari yao inapokoma. Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo lililotangulia hayo maulidi, nalo ni kuwa bwana huyu alimkalisha mnyonge kwenye mkeka wa darsa wakati watu wakubwa wa mji hawakutaka.

Nasaba na masomo yake

Jina lake ni Sayyid Saleh bin Alawi bin Abdallah Jamalullayl. Alizaliwa Singani, Ngazija, katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut waliotawanyika Pate, Lamu na visiwa vya Komoro. Ujanani mwake alikwenda Lamu kutafuta elimu, akapokewa na ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah. Miongoni mwa mashekhe zake alikuwemo Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, maarufu kwa jina la Mwenye Mansab, aliyefariki mwaka 1922. Mwanachuoni huyu ndiye aliyeyafasiri Maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili, ili asiyejua Kiarabu naye apate fungu lake. Huenda mwanafunzi wake alilichukua funzo hilo pamoja na vitabu alivyovisoma.

Katika njia ya kiroho, Habib Saleh alishika tarika ya Alawiyya, ambayo watu wake hudumu na uradi na Ratibu ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad (aliyefariki 1132 Hijria, sawa na 1720). Alifungamana kwa mapenzi makubwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi (1843–1915) wa Seiwun, mtungaji wa Simtud-Durar, maulidi tunayoyajua huku kwetu kwa jina la Maulidi ya Habshi. Habib Ali alikuwa na ribati ya wanafunzi na msikiti ulioitwa Riyadh, na huko ndiko lilikotoka jina la Msikiti wa Riyadha wa Lamu.

Kuhamia Langoni

Ili kulifahamu jambo alilolifanya, inatubidi tuijue Lamu ya zama zile. Mji ulikuwa na waungwana waliokaa majumba ya mawe, na masharifu waliotukuzwa kwa nasaba yao. Chini yao walikuwapo watumwa, walioachwa huru na wageni maskini, wakaao vibanda vya makuti pembezoni. Elimu ya dini ilikuwa ni urithi wa majumba makubwa. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumtumikia bwana wake akiwa na tohara, lakini kukaa katika halaka na kusoma fiqhi na nahau lilikuwa jambo lisilofikiriwa.

Habib Saleh aliuacha mji wa mawe akaenda kukaa upande wa Langoni, miongoni mwa wanyonge hao. Aliwasomesha Qur'ani na elimu, na wagonjwa akiwatibu kwa tiba aliyojifunza. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, Msikiti wa Riyadha ulikuwa umeshasimama, na wanafunzi wakija kutoka sehemu mbalimbali za pwani, hata bara, upande wa Mto Tana.

Wakubwa wa mji hawakuridhika. Walimlaumu kwa mambo mawili: kwanza kuwafundisha watumwa, na pili kusoma maulidi kwa dufu msikitini.

Ama hili la pili, ni suala la khilafu. Katika madhehebu yetu ya Shafii dufu limeruhusiwa katika arusi na khitani, lakini kulipiga msikitini wanachuoni wamelijadili kwa urefu, na asili yenyewe ya kusoma maulidi ina wenye kuiunga mkono na wenye kuipinga. Kila upande una hoja zake, nasi hatukukusudia kuhukumu hapa.

Ama lile la kwanza, halina khilafu hata kidogo. Aliyeisoma Suratu Abasa na sababu ya kushuka kwake anajua namna Allah alivyomzindua Mtume wake kwa ajili ya kipofu mmoja, Ibn Ummi Maktum, aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume (S.A.W.) akizungumza na wakubwa wa Kureshi. Na tuitazame silsila yetu wenyewe. Imam Shafii alisoma kwa Imam Malik, na Malik akapokea kwa Nafi'i, na Nafi'i kwa Abdallah bin Umar. Nafi'i huyu alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Ibn Umar. Lau bwana wake angelimfungia mlango wa elimu, isnadi ambayo wanahadithi wameiita silsila ya dhahabu isingelikuwepo. Aidha, Ata'a bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za tabiina, naye alitokana na watu walioachwa huru.

Yaliyotokea Pemba

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika mashamba yetu ya karafuu walibaki watu wengi wasio na ardhi wala ukoo. Miaka hiyo hiyo wamisionari wa Kiingereza wa jumuiya ya Quakers walifungua kituo chao Banani, karibu na Chake Chake, kwa ajili ya walioachwa huru. Wao waliona pana watu wasio na mwalimu. Nani miongoni mwetu aliyewatandikia mkeka kabla yao? Suali hili Habib Saleh alishalijibu Lamu kwa vitendo.

Tukiri na letu. Miaka mingi nyuma tulikuwa tukisaidia kusomesha katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja. Msimu mmoja mtoto wa mchumaji karafuu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, msahafu ukiwa kwapani. Sisi tulikuwapo barazani, tukanyamaza, tukasema nafsini mwetu kuwa si jukumu letu. Mtoto yule hakurudi tena. Kila tunaposoma khabari za Langoni tunamkumbuka.

Khatima

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930 akazikwa Lamu, na wanawe, akiwemo Sayyid Ahmad Badawi, wakaiendeleza kazi yake. Watu humzuru hadi leo kila mwaka wakati wa maulidi. Mapenzi hayo hayakutokana na nasaba peke yake, kwani masharifu Lamu walikuwa wengi. Uradi wake wa usiku ulionekana mchana, katika wale aliokubali kukaa nao.

Basi ndugu zetu maimamu na walimu wa vyuo, kabla ya kuwahesabu wanafunzi waliopo, tuwaulize wasiokuwapo wamezuiwa na nini. Na anayempenda Habib Saleh, na amtafute mtoto mmoja aliyerudishwa, amrejeshe chuoni.

Wabillahi tawfiq.