Tarehe ya Farrokh wa Unguja na Majukwaa Yake

Asili ya jamaa ya Bulsara ni Waparsi wa Gujarat. Bomi Bulsara alikuwa mtunza fedha wa mahakama huko Unguja enzi za Waingereza, na mwanawe Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Pale Mji Mkongwe nyumba zaidi ya moja husemwa kuwa ndimo alimozaliwa, na watembeza wageni hawajapatana mpaka leo. Ugomvi wa bure huo: alizaliwa hospitali ya serikali. La kugombaniwa ni usiku upi alitawala kuliko mwingine wowote.

Alisoma Panchgani, India, akapiga piano katika bendi ya shuleni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa zake wakahamia Uingereza. Huko akawa Freddie Mercury, na mwaka 1970 akaipa bendi jina la Queen. Brian May alishika gitaa aliloliunda na baba yake, Roger Taylor dramu, John Deacon besi.

Tarehe 18 Septemba 1976 walipiga bila kiingilio Hyde Park, London, mbele ya umati unaokadiriwa kuwa watu 150,000. Muda ulipokwisha watu wakadai nyongeza. Polisi wakaonya kwamba atakayerudi jukwaani atakamatwa. Wakongwe husimulia kuwa Freddie alitii kwa sababu hakutaka kulala lupango na zile nguo zake za kubana. Ni haohao wasemao kwamba mti wa maikrofoni ulimkatikia mkononi bendi ikiwa bado changa, naye asitake mzima tena.

Wengi huishia Wembley, onyesho la hisani la Live Aid, 13 Julai 1985. Sikatai. Nyimbo sita kwa dakika kama ishirini, jua lingali juu, na watu 72,000 wakimjibu kila alipotoa sauti. Lakini walikuwa wamejifungia ukumbini wakifanya mazoezi kwa kutazama saa, na uwanja ule ulikuwa wa nyumbani.

Usiku wenyewe ni Budapest, 27 Julai 1986. Hungaria ilikuwa bado chini ya Wakomunisti, na uwanja wa Népstadion ulifurika. Katikati ya onyesho Freddie akaanza wimbo wa jadi wa Wahungari, “Tavaszi szél vizet áraszt”, maneno kayaandika kiganjani na anayachungulia waziwazi bila haya. Umati ukaupokea kwa kishindo. Wimbo haukuwa wake, lugha haikuwa yake, na bado uwanja ulikuwa wake. Filamu ipo, abishaye aitazame.

Tarehe 9 Agosti walipiga Knebworth mbele ya zaidi ya watu 120,000, na hakupanda tena jukwaani na bendi kwa ziara nyingine. Alifariki 24 Novemba 1991. Katika onyesho la kumuenzi, Aprili 1992, George Michael aliimba “Somebody to Love”, akaiimba kweli. Baadaye akaja Paul Rodgers kuimba na bendi, kisha Adam Lambert. Hao waandikiwe tarehe yao.