Chumba cha Chini: Jinsi Tulivyojifunza Kuhesabu Kabla ya Kuchimba

Kamati ilipotuomba tuandike historia ya kikundi wengi walitazamia habari za boksi: nani alishika ufunguo upi, hisa ya kwanza ilikuwa shilingi ngapi, nani alilia siku ya mgao wa kwanza. Hayo yapo kwenye daftari na hayatapotea. Sisi tumeona tuandike juu ya chumba cha chini, kwa sababu ukiondoa ada za shule, hakuna kitu tulichokikopea mara nyingi, tukakigombania na kukilia kama chumba hicho.

Kwa msomaji wa huko tambarare hapana budi tueleze. Huku kwetu mlimani, kutoka barabara ya Himo mpaka karibu na msitu, kiwanja kilicho sawa ni bahati. Ukitaka kujenga unakata mteremko. Upande wa juu nyumba inakaa ardhini, upande wa chini msingi unapanda mpaka kimo cha mtu au zaidi. Sasa hapo ndani ya msingi ufanye nini? Ama ujaze kifusi, lori baada ya lori, ama uache uwazi na kuweka mlango. Wengi waliacha uwazi, si kwa ufahari, ila kifusi ni hela. Ndipo tukapata hicho chumba cha chini: mahali pa mbuzi, kuni, majani ya ng'ombe, ndizi zinazosubiri kuiva na jembe lililovunjika mpini. Juu mna makochi na vitambaa, chini mna mbuzi!

Wala tusidhani kwamba kukaa chini ya ardhi ni jambo geni kwetu. Pale Marangu watalii hulipa kiingilio kuona mahandaki waliyochimba wazee wetu wakati wa mashambulizi ya Wamasai na vita vya mamangi wenyewe kwa wenyewe. Mlango ni mwembamba, mtu anaingia akiinama, na mlinzi mmoja aliweza kuwazuia wengi. Ndani mlikuwa na mahali pa watu, mahali pa mifugo, mahali pa moto, na matundu ya kuingizia hewa. Wazee husimulia kwamba udongo ulibebwa na kumwagwa mtoni ili adui asione kichuguu kipya akajua pamechimbwa. Nani aliyebeba huo udongo? Masimulizi huwataja mashujaa tu, lakini sisi tunaopanda mlima na mzigo wa majani kichwani tuna mawazo yetu.

Tunayataja mahandaki kwa sababu moja. Waliochimba walijua kwanza hewa itaingilia wapi na udongo utatokea wapi, ndipo wakashika zana. Sisi wajukuu, wenye saruji na nondo, tulianza kinyume chake.

Nyumba za zamani, zile za duara za majani, zilikuwa na makadirio yake. Hazikudai fedha bali watu: ndugu wa kukata miti, wa kukusanya majani, wa kuezeka, na mbege ya kutosha siku ya kazi. Fedha iliingia na kahawa. Wamisionari wa Kilema walipanda miche ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19, reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Watu wakaanza kujenga nyumba za pembe nne, za mawe na mabati. Chama kililipa kwa awamu, malipo ya kwanza ukileta kahawa na mengine baada ya mauzo, na nyumba nazo zikajengwa kwa awamu vilevile. Msingi msimu huu, kuta msimu ujao, bati Mungu akipenda. Ndiyo maana mpaka leo Mchagga haoni aibu kukaa na nyumba isiyokwisha miaka 15. Kwake hiyo bado iko njiani.

Lakini kitabu cha kahawa kwa kawaida kilikuwa na jina la baba. Mama alichuma, akaanika na kubeba, halafu akasubiri kuambiwa. Hela ya mama ilitoka kwenye ndizi, maziwa na maharage, ya kupeleka Mwika, Kiboriloni au Mbuyuni mjini na kurudi nayo kwenye ncha ya kanga. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, na tena baada ya Julai 1989, makubaliano ya kahawa ya dunia yalipovunjika na bei kuanguka, ni hiyo ncha ya kanga iliyoshika nyumba nyingi. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kahawa bado ipo, lakini watu wengi walikwisha kung'oa mibuni wakapanda nyanya. Ndizi ikabaki.

Kwa hiyo kikundi chetu kilipoanza hatukuwa wageni wa kuweka akiba. Upatu tuliucheza toka zamani. Jipya lilikuwa boksi la chuma lenye kufuli tatu, hisa, na mkopo usiozidi mara 3 ya hisa za mtu. Utaratibu wa namna hii wa vikundi vya akina mama ulianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika hadi kutufikia sisi kwa jina la vikoba. Baadaye ikaja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyotaka hata vikundi vidogo visajiliwe. Tulinung'unika kuhusu zile safari za mjini na nakala za vitambulisho, lakini tulisajiliwa.

Mkopo wa kwanza wa chumba cha chini tuliutoa kwa furaha. Mwenzetu alitaka kuhamisha mbuzi, kumwaga jamvi, kupiga plasta na kupangisha kwa mwalimu. Tulimuuliza, "Itagharimu kiasi gani?" Akataja alichoambiwa na fundi. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza fundi alihesabu nini, wala ni mwezi gani. Ulikuwa Februari. Jamvi lilimwagwa, plasta ikapigwa, ukuta ukapakwa chokaa ukang'aa, nasi tukaenda kuangalia na kunywa chai humo. Mwezi wa tatu masika ikashuka. Maji yanayotelemka mlimani yalipita kwenye udongo nyuma ya ukuta, yakatokea ndani kama jasho, halafu kama bomba. Plasta ikavimba ikaanguka. Mwalimu hakuhamia, kodi haikuingia, marejesho yakasimama. Mwenzetu akauza ndama ili asituangalie kwa aibu. Siku ile aliposimama mbele ya boksi na zile noti, hapana aliyepiga makofi.

Tulimlaumu fundi kwa wiki mbili, kisha tukajilaumu wenyewe, maana kosa lilikuwa kwenye karatasi tuliyopitisha. Palikuwa na saruji, mchanga, rangi na ufundi. Mtaro haukuwemo. Upande wa juu wa nyumba, pale ukuta unapofukiwa na udongo, ilitakiwa kuchimba mtaro unaofika chini ya usawa wa sakafu, kupaka ukuta saruji ya kuzuia maji, kuweka karatasi ya nailoni, kujaza kokoto na kuyaongoza maji yazunguke nyumba hadi upande wa bondeni. Kazi hiyo haionekani ikiisha. Hakuna mgeni wa Desemba atakayeisifu. Ndiyo maana watu huiacha, nasi tuliiacha.

Tangu hapo kamati ikaweka desturi: mkopo wa chumba cha chini haujadiliwi bila karatasi ya makadirio, na karatasi husomwa kwa sauti mbele ya wote. Mwanzoni wengine walikasirika, wakasema tunawavua nguo hadharani. Kumbe ndipo tulipoanza kujifunza. Mama anayeuza vifaa mjini alisahihisha bei. Mwingine ambaye mwanawe ni fundi bomba akauliza choo kitakaa wapi. Tukagundua pia ni afadhali kuandika kwa mifuko na tripu kuliko kwa shilingi tu. Bei inabadilika kati ya Januari na Julai, lakini chumba hakibadiliki.

Tutoe mfano wa karatasi moja ambayo mwenyewe ameturuhusu. Chumba ni futi 12 kwa 14, kimo futi 8. Jamvi la inchi 3, kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, lilipigiwa hesabu ya mifuko 8 ya kilo 50. Plasta ya kuta mifuko 6, kwani ukuta wa mawe una mashimo na hunywa saruji. Ukuta wa kugawa chumba, wenye mlango, tofali 75 pamoja na zitakazovunjika njiani. Halafu mtaro, ambao peke yake ulikula karibu sawa na jamvi na plasta kwa pamoja: kokoto, nailoni na siku za vibarua. Alipoona hivyo alitaka kuufuta. Tulikataa. Akafuta rangi, akafuta ule mlango wa mninga aliokuwa anauota, akaweka wa mbao za kawaida. Mwisho tukamwongezea fungu la dharura, shilingi 1 kwa kila 10. Alisema ni la nini, fundi wake ni mwaminifu. Tukamwambia uaminifu wa fundi hauhusiani na jiwe atakalolikuta ardhini. Na jiwe lilikutwa.

Mambo mengine tuliyapata kwa kuungua vidole. Usianze kazi mwezi wa tatu wala wa nne. Januari panafaa ukiwa na haraka, lakini Julai hadi Septemba ndiyo salama. Usianze Novemba pia, hata kama watoto wanarudi Krismasi, kwa sababu nusu ya mlima inajenga wakati huo na mafundi wanajua. Ukitaka kushusha sakafu ili mtu mrefu asigonge kichwa, usiruhusu kuchimba chini ya msingi kwa urefu wote wa ukuta. Achimbe kipande cha mita moja, ajengee chini yake, ukauke, ndipo aruke kipande kingine. Mmoja wetu aliona ufa ukipanda hadi dirishani jioni ya siku ya kwanza, akalala kwa jirani na watoto. Dirisha nalo si pambo. Mpangaji akiwasha jiko la mkaa usiku katika chumba kisichopitisha hewa, asubuhi mtagonga mlango bila jibu. Tumekubaliana kwamba makadirio yasiyo na madirisha mawili, au dirisha na matundu ya hewa, hayapiti. Wale wazee wa Marangu wasingeyapitisha.

Tufike kwenye jambo lililo gumu zaidi. Chumba kipo kwenye nyumba, nyumba ipo kwenye kihamba, na kihamba ni cha ukoo wa mume. Fedha ni ya mama. Sasa chumba ni cha nani?

Sheria imesogea. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakuongezewa kitu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Tunazijua, tumefundishwa kwenye semina. Lakini semina inaishia ukumbini, na shemeji yuko nyumbani.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mume mwezi mmoja baada ya chumba cha chini kukamilika. Matanga hayajaisha, shemeji mkubwa akaanza kuzungumza na mpangaji habari ya kodi. Katika kikao cha ukoo akamuuliza, "Mama, tofali zile ni za nani?" Yeye hakujibu. Alifungua mfuko wa plastiki akatoa karatasi ya makadirio, yenye sahihi yake na ya marehemu mume wake, kwa sababu mwaka ule tulikuwa tumeanza kudai sahihi ya wote wawili. Akatoa na stakabadhi, moja moja: saruji, kokoto, bati la kibaraza, malipo ya vibarua na dole gumba la kila mmoja. Mzee wa ukoo alivaa miwani akasoma zote. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa. Mwishowe alisema kodi ni ya mama na watoto wake, na maneno hayo yakaandikwa. Kuhusu kihamba chenyewe hawakusema kitu, na mpaka tunaandika bado hawajasema.

Tusijidanganye, wapo wawili ambao waume zao walikataa kutia sahihi. Mmoja aliacha, akanunua ng'ombe. Mwingine aliomba tumkopeshe hivyohivyo, tukabishana hadi giza likaingia, tukamkopesha. Wapo kati yetu wanaoamini tulikosea. Chumba chake kimekwisha, kikavu, na kodi anapokea mume.

Kwa sasa katika boksi mna karatasi mbili zinazosubiri. Ya kwanza ni ya mwanachama wa Kibosho anayetaka jiko na stoo, naye ataanza Januari, wageni wa Krismasi wakishaondoka. Ya pili imerudishwa. Aliandika mifuko yote, kokoto, nailoni, madirisha mawili na fungu la dharura. Amesahau mahali maji ya mtaro yatakapoishia, na chini yake kuna mgomba wa jirani.