Gumba na Shahada: Walimu Wasiorekodiwa katika Historia ya Gitaa la Kantri

Historia ya muziki wa kantri wa Marekani aghalabu huanzia Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia. Huko, mwaka 1927, Ralph Peer aliwarekodi wanamuziki wengi, wakiwamo familia ya Carter tarehe 1 na 2 Agosti na Jimmie Rodgers tarehe 4. Tarehe hizo ni sahihi. Hata hivyo, zinaonyesha siku ambayo sauti ilinaswa katika santuri, si siku ambayo vidole vilijifunza kuitoa. Anayeuliza gitaa hilo lilifunzwaje hana budi kuondoka Bristol na kuingia vibarazani, katika dansi za vijijini na kwenye vijiji vya wachimba makaa ya mawe, mahali ambapo mitambo ya kurekodi haikufika.

Chukuliwe mfano wa Maybelle Carter, aliyekuwa na umri wa miaka 18 siku ile ya Bristol. Kidole gumba chake kilipiga lahani yenyewe katika nyuzi nene za chini, ilhali kidole cha shahada kilipapasa nyuzi nyembamba ili kutunza mwendo. Kabla yake, gitaa katika muziki huo lilikuwa zaidi mtumishi wa fidla na banjo. Yeye alilipa usemaji. Mtindo huo tayari umo katika santuri zake za mwanzo, kwa hiyo si haki kumpokonya. Lakini mnamo 1928 familia hiyo ilikutana na Lesley Riddle, Mmarekani Mweusi aliyepoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji. Riddle alisafiri na A.P. Carter kukusanya nyimbo: Carter aliandika maneno, Riddle akahifadhi lahani kichwani. Maybelle alimtazama akipiga, akajifunza kwake namna nyingine ya kudonoa nyuzi. Santuri zilibeba jina la Carter. Jina la Riddle lilianza kufahamika nje ya eneo lake baada ya Mike Seeger kumtafuta katika miaka ya 1960, kwa kuelekezwa na Maybelle mwenyewe.

Kisa cha Kentucky ya magharibi ni kizito zaidi. Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi aliyezaliwa 1886 na kufariki 1931, hakuacha hata santuri moja. Kijana Bill Monroe, Mzungu, alipiga naye katika dansi. Kwa mujibu wa masimulizi ya wapigaji wa huko, ufundi wa Shultz ulimfikia Kennedy Jones, kisha Mose Rager. Na kwa Rager na Ike Everly ndiko alikojifunza Merle Travis, mtoto wa mchimba makaa aliyezaliwa 1917. Leo mtindo huo wa gumba linalobadilishana nyuzi za besi huitwa kwa jina la Travis. Mwanafunzi ndiye aliyegeuka jina la somo! Travis hakuwahi kuficha walimu wake. Waliowasahau ni wauzaji wa santuri, na nyuma yao wanahistoria walioandika kwa kufuata orodha za santuri.

Kujifunza bila kumwona mwalimu nako kuna matunda yake. Chet Atkins alimsikia Travis redioni akiwa bado kijana. Kwa kuwa hakuona mkono, hakujua kwamba Travis alitumia gumba na shahada tu. Akatafuta sauti zile kwa gumba na vidole viwili au vitatu, akazua mtindo wake.

Swali hilohilo la nani alimfunza nani huwakabili wanaochunguza nyimbo za Kiswahili. Mwaka 1952, huko Jadotville katika Katanga, mji ambao sasa ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga na kucharaza gitaa kwa gumba na shahada. Santuri za Rodgers zilikuwa zimefika Afrika. Mwaka 1950 Tracey alikuwa amerekodi miongoni mwa Wakipsigis nyimbo zenye jina lake lililogeuzwa kuwa Chemirocha. Hapo ni rahisi kuhitimisha kwamba Mwenda naye ni mwanafunzi wa santuri za Marekani. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Katika Afrika ya Kati zilikuwapo ala za vibamba vya chuma zinazopigwa kwa magumba, na kufanana kwa vidole hakutoshi kuthibitisha ukoo.

John Low, mpiga gitaa Mwingereza, hakuridhika na santuri. Alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akaketi na wapigaji wenyewe ili kujifunza, na katika shajara ya safari hiyo, iliyochapishwa Vienna mwaka 1982, aliwaandika walimu wake kwa majina.