Sakafu

Fundi wa Kiranjeranje akitaja sakafu hutazama chini. Kwa Waarabu, tuliochukua neno hilo kwao, saqf iko juu: ni paa. Nenda Kilwa Kisiwani utaelewa. Paa bapa la matumbawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Penye ghorofa, paa la chini ndilo sakafu ya juu.

Siku hizi tunahesabu maboksi ya vigae. Chumba cha mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Ongeza asilimia 10 ya kukatakata, zinakuwa 13.2. Boksi likifunika 1.44, nunua 10, tisa hayatoshi. Yachukue yote pamoja. Rangi ya mzigo ujao huenda isilandane.