Kipimo cha joto la maji ya moto nyumbani

Kipimo cha joto la maji ya moto ni kiwango kinachopangwa kwenye thamostati ya hita, ili maji yakifika hapo stima ijikate, na yakipoa iwake tena. Kwa hita ya tangi, kiwango kinachopendekezwa na wengi ni nyuzi 60 za Selsiasi ndani ya tangi. Maji ya kuoga huteremshwa hadi kati ya nyuzi 38 na 42 kwa kuchanganywa na ya baridi. Kiwango cha nyuzi 60 hupatanisha mambo matatu yanayovutana: vijidudu, ngozi na gharama ya stima.

Hali ya Ziwani

Ziwani ni mtaa wa Eastlands, Nairobi, jirani na Starehe na Kariokor, uliojengwa na manispaa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mitaa mingi ya aina hiyo haikuwekewa mabomba ya maji ya moto. Maji yalichemshwa kwa sufuria juu ya jiko la makaa au stovu ya mafuta taa, baadaye kwa gesi na koili ya umeme inayotumbukizwa majini, kisha yakabebwa kwa karai au ndoo hadi bafuni. Shawa ya umeme ilifuata, na katika nyumba za ghorofa, hita ya tangi na mitambo ya jua. Mpango wa kaunti wa kujenga upya mitaa yake ya zamani umeitaja Ziwani pia, na kwa hiyo suala la kupanga joto la hita mpya linazihusu familia ambazo hapo awali zilipima maji kwa mkono tu.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, si 100. Tofauti hiyo haibadilishi kipimo cha hita, na maji yaliyochemka kabisa bado huua vijidudu vya maradhi.

Sababu za nyuzi 60

Bakteria wa Legionella huzaliana katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, hasa yakituama. Mtu huambukizwa kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo ya maji hayo, kama yale ya shawa, na anaweza kupata nimonia kali. Ugonjwa huo ulijulikana baada ya mlipuko wa mwaka 1976 katika mkutano wa maveterani mjini Philadelphia, Marekani. Kwenye nyuzi 60 wengi wa bakteria hao hufa kwa dakika chache, ilhali kwenye nyuzi 50 huchukua saa kadhaa. Tangi lililopangwa kwa nyuzi 40 ili kuokoa stima huwa mahali pazuri pa kuwalea.

Hata hivyo, maji ya nyuzi 60 humuunguza vibaya mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Kwenye nyuzi 55 huchukua kama nusu dakika, na kwenye nyuzi 49 dakika kadhaa. Ngozi ya mtoto mchanga na ya mzee huungua mapema zaidi. Kwa sababu hiyo huwekwa valvu ya kuchanganyia, ambayo huongeza maji baridi kabla ya maji ya moto kufika mferejini. Pasipo valvu hiyo, katika nyumba yenye watoto, baadhi ya mafundi huteremsha kipimo hadi karibu nyuzi 50, na tangi hupandishwa hadi 60 mara kwa mara.

Kwa upande wa gharama, kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 huhitaji takriban yuniti 2.3 za stima, na hadi 50 yuniti 1.7. Tangi lenye kizio kizuri hupoteza joto polepole, hivyo hakuna haja ya kuliacha likiwaka mchana kutwa.

Shawa ya umeme

Shawa ya umeme haina tangi wala thamostati ya kupangwa. Ina swichi ya baridi, vuguvugu na moto, na joto hutegemea pia kasi ya maji. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 4 kwa dakika huongeza kama nyuzi 20. Ikipitisha lita 3 huongeza nyuzi 26, na maji yaliyoingia yakiwa nyuzi 20 hutoka karibu 46. Kwa hiyo presha ikishuka, au matundu yakizibwa na uchafu, maji huwa moto ghafla. Miundo mingi hutaka swichi ibadilishwe maji yakiwa yamefungwa. Shawa hiyo huvuta kama ampea 23, hivyo inahitaji waya mnene wake peke yake, fyuzi inayofaa na waya wa ardhi.

Koili na ndoo

Koili haina kipimo chochote: huendelea kupasha hadi maji yachemke. Huning'inizwa kwenye kijiti kilicholazwa mdomoni mwa ndoo, isiguse plastiki. Swichi huzimwa na plagi hutolewa kabla ya mtu kutia mkono majini. Kwa kumwogesha mtoto, maji baridi hutangulia kutiwa kwenye beseni, ya moto hufuata, hukorogwa, kisha hupimwa kwa kiwiko. Nyuzi 37 au 38 zinamtosha.

Mtambo wa jua

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Mchana wa jua kali tangi hupita nyuzi 60, na valvu ya kuchanganyia huwa ya lazima. Wakati wa baridi ya Julai na mawingu yake, koili ya ndani ya tangi hupangwa ifikishe maji nyuzi 60.

Kuwasha hita mpya

Tangi hujazwa kwanza, mfereji wa moto ukiwa wazi hadi maji yatoke bila hewa, ndipo stima iwashwe. Penye mgao wa maji tahadhari hii hurudiwa kila mara, kwani koili inayowaka ndani ya tangi tupu huungua. Valvu ya usalama haizibwi kamwe, hata ikidondosha matone maji yanapotanuka. Baada ya saa chache joto hupimwa kwa kipimajoto kwenye mfereji ulio karibu na hita, na thamostati hurekebishwa na fundi, stima ikiwa imezimwa.