Kidato na Sakafu

Je, msomaji, umepata kujiuliza kwa nini sakafu za majumba ya kale ya Ulaya ni za mbao? Huko Versailles, katika jumba la Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, vyumba vilitandikwa marumaru. Kila zilipooshwa, maji yalipenya yakaozesha boriti zilizo chini. Basi mwaka 1684 mafundi walianza kuweka mbao za mwaloni mahali pa mawe yale. Mbao hufura kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, hasa upande wa mapana. Kwa hiyo waliziunga vipande vifupi vifupi ndani ya fremu.

Ngazi haikubali hila hiyo. Kidato chataka ubao mzima, nyuzi zake zikienda kutoka ubavu hadi ubavu. Ukiukata kinyume, utapasuka kwa uzito wa mtu. Seremala atakaye ngazi ilingane na sakafu huanza kwenye gogo, si kwenye kopo la rangi: mti ule ule, randa, kisha nta ile ile.

Na vipimo? François Blondel, mkuu wa Chuo cha Kifalme cha Usanifu Majengo mjini Paris, aliviandika katika vitabu vilivyoanza kutolewa mwaka 1675. Hatua ya mtu, alisema, ni inchi 24 (inchi yao ilizidi yetu kidogo). Kwa kila inchi moja ya kupanda, punguza mbili za kwenda mbele. Kidato chenye kimo cha inchi 6, basi, kina upana wa 12. Ngazi nyingi za leo hukaribia kanuni hiyo. Chukua rula, ukapime ya shule yako.